Ramani Iliyokohoa

Aliyeshika kikombe akiweke chini, kisije kikamwagika.

Kwera, wale ndege wafumaji, hawakuwa na ramani ya kiota. Kila mmoja aliiga kiota cha jirani, akabadili alichotaka. Akikwama alimuuliza jirani huyo, naye akikwama alimuuliza aliyemwiga yeye, hadi swali likafika kwa Bibi Kwera, kwenye kiota kikuukuu ambacho vyote vilitokana nacho.

Siku moja wakahamia njiwa, ambao kwao kiota ni vijiti vitatu na dua. Wakashtuka.

“Hamna ramani? Mnaishi kwa kuchunguliana? Aibu!”

Kwera wakaona haya. Wakamwagiza Kasuku, fundi wa maneno, atundike ramani rasmi, kisha akibomoe kiota cha Bibi, asiwepo tena wa kuulizwa.

“Nami nilale wapi?” akauliza Bibi. Kasuku akaenda kutafuta gome la mti.

Asubuhi likaonekana gome lenye michoro, na tundu katikati. Njiwa mmoja akasogea kwa adabu.

“Shikamoo, ramani. Mlango uelekee wapi?”

“Marahaba. Chini, mjukuu wangu, nyoka asiingie,” ramani ikajibu. Kisha ikakohoa.

Ndege wote midomo wazi. Ramani ina kifua!

Mkubwa wa kwera akalifunua gome. Nyuma yake, kiota kilekile, Bibi yuleyule.

“Kasuku! Ramani gani hii?”

“Mkubwa, ningembomolea, nani angejibu?”

“Rudisheni gome!” wakapiga kelele njiwa. “Ramani tunaielewa. Kusumbua bibi wa watu hatujazoea!”

Likarudishwa. Bibi akachungulia tunduni.

“Sawa, wajukuu. Ila ramani hii isipoletewa panzi, haijibu mtu.”