Anayemtisha Kobe

"Panda juu ya benchi, Kobe, wenzako waone uvivu una sura gani!"

Binti akapanda. Hakuzaliwa Kobe, lakini alisoma polepole, basi jina likamganda.

Nyuma kabisa ya darasa, mama mmoja alikuwa amejibana kwenye dawati la watoto, magoti yakikaribia kidevu, fomu mbele yake. Angeinuka pale pale, ila kipindi hiki cha mahusiano mema kilikuwa na sharti lake: anayetazama hukaa nyuma, huandika anachokiona, na hafungui mdomo mpaka kengele ilie. Basi akaandika: Anamdhalilisha mtoto mbele ya wenzake.

Mambo yalianzia kwenye matapishi. Wiki ya tatu sasa, Kobe alikuwa akitapika kila asubuhi akishavaa sare. Jumamosi na Jumapili alikula vizuri na kucheza mpaka akachafuka. Daktari alimpima, hakuona kitu. Jumatatu mama yake akaingia ofisini na kumwambia mkuu wa shule bila kupepesa macho, "Kuna mtu darasani humo anamtisha mwanangu. Ikifika Ijumaa hajajulikana, namhamisha."

Mkuu akatoa fomu. "Nitafutie huyo mtu," alimwambia yule mama wa dawati la nyuma. "Akijulikana, darasa hilo halikanyagi tena, awe nani."

Mwenye fomu akaapa kumpata. Miaka kumi na minne amefanya kazi na watoto, akijihesabu mama wa kila mmoja wao, na hakuna kiumbe aliyemchukia kama mtu wa kuonea watoto. Leo ndiyo ilikuwa Ijumaa.

"Soma!" akafoka yule wa mbele, kwa sauti nyembamba ya puani. "Au unataka tuzeekee hapa?"

"Ba... bata wa... wana..."

"Wana akili kukuzidi wewe!"

Darasa likacheka, kisha likanyamaza ghafla. Wawili watatu wakageuka kumtazama mwenye fomu. Masikini, wanaomba msaada, alijisemea, akawatikisia kichwa kuwapa moyo. Ile sauti ya puani haikuwa ngeni kwake. Alishaisikia mahali, tena si mara moja, lakini kila alipojaribu kukumbuka ni wapi ilimponyoka.

Yule wa mbele akachomoa kalamu, akaingiza kifuniko chake sikioni, akakizungusha taratibu, akakitoa na kukitazama. Halafu, bila aibu hata chembe, akakipangusa kwenye daftari la Kobe.

Mate yalimjaa mwenye fomu mdomoni, yale mate ya mtu anayekaribia kutapika. Ni mtu wa namna gani huyu? Hivi kwao hakuna kioo? Akaandika: Mchafu. Hana haya.

Kwenye mkoba wa Kobe kulikuwa na pakiti ya biskuti. Ikachukuliwa, ikachanwa.

"Mzembe hali," likatoka neno pamoja na chenga. Yule wa mbele akatafuna mdomo wazi, akalamba vidole kimoja kimoja, na kwa vidole hivyo hivyo vyenye mate akalishika sikio la Kobe na kulivuta. "Na ole wako ukaseme kwenu. Ya humu yanaishia humu. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Wote mmesikia?"

"Tumesikia, mwalimu," darasa zima likaitikia kwa pamoja, kwa ule wimbo wa watu waliozoea.

Kisha ikashikwa chaki, na pale chini, karibu na ukingo wa ubao, yakaandikwa maneno matatu kwa herufi kubwa: KOBE HANA KICHWA.

Mwenye fomu akafyonya. Ng'ombe mkubwa! Watu kama hawa nani huwa anawakabidhi watoto wa wenzake? Alimwonea Kobe huruma, na alimchukia mtu huyu kwa chuki safi, isiyo na wasiwasi wowote. Aliandika neno la mwisho kwa nguvu, karatasi ikatoboka: Aondolewe leo hii.

Kengele ikalia.

Mkuu wa shule alikuwa tayari mlangoni, na mama yake Kobe nyuma yake, mkoba begani, kama mtu aliyekuja kumchukua mwanawe moja kwa moja. Mwenye fomu akajichomoa dawatini, akawafuata na karatasi yake.

"Nimempata, mkuu. Soma mwenyewe."

Mkuu akasoma mpaka chini, akampa mama yake Kobe naye asome. Mama alipofika kwenye habari za biskuti akafumba macho kidogo.

"Na sahihi umeshaweka," mkuu akasema. "Lakini jina la mtu mwenyewe hujaandika."

"Jina mtalisikia sasa hivi, nanyi mkiwa mashahidi." Akageukia mbele ya darasa, akalainisha sauti. "Haya, usiogope. Mwambie mkuu, mtu huyu ni nani?"

Yule wa mbele akavua miwani mikubwa iliyokuwa imemshukia hadi mashavuni, akampa Kobe mkono ashuke kwenye benchi. Alikuwa na miaka tisa.

"Ni wewe, mwalimu," akasema. "Ulituambia tumuigize mtu anayetutia hofu."