Mama wa Mstari wa Mbele

"Rudia hapo, mwalimu. Polepole kidogo," mama alisema, mkono juu, na ukumbi mzima ukaguna.

Ilikuwa mara ya tatu asubuhi ile. Wanafunzi mia tisa walikuwa wamebanana katika ukumbi wa viti mia sita. Waliochelewa walikaa kwenye ngazi, madaftari magotini. Mhadhiri wa takwimu alishusha pumzi, akafuta ubao, akaanza upya. Hakumjua mama yule kwa jina. Hakumjua yeyote kwa jina.

Binti aliyeketi kando ya mama hakuguna. Hata nguvu za kuguna hakuwa nazo. Mwaka wa kwanza ulikuwa umemtafuna: chumba kimoja watu wanne, foleni ya bafu, foleni ya kantini, foleni ya maktaba, na katika foleni zote hizo hakuna hata mmoja wa kumuuliza ameamkaje. Jaribio la kwanza alipata kumi na nane kwa mia. Fomu ya kuacha masomo alikuwa nayo begini, ameshaijaza, imebaki sahihi tu.

Mama alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu, miguu imevimba ndani ya raba. Alinukia dawa ya vidonda. Vijana walikata shauri kwamba ni muuguzi anayetoka zamu ya usiku kuja kusaka shahada, wakambandika jina la Bibi Digrii. Mwenyewe alilisikia, akalipuuza, akaendelea kuandika. Aliandika kila kitu, hata vichekesho vya mhadhiri.

Kipindi kilipokwisha alimshika binti mkono.

"Mwanangu, huu mkengeuko sanifu umeuelewa?"

"Kidogo, mama."

"Hicho hicho kidogo, nipe. Nieleze kama unamweleza mtu aliyelala."

Binti akacheka, na hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini. Akaeleza. Alipokwama, wakainamia daftari wote wawili mpaka pakafunguka.

Tangu hapo ikawa desturi yao, kila Jumanne na Alhamisi, kwenye benchi nje ya ukumbi. Mama alikuwa mbishi.

"Na akiuliza kwa nini tunapunguza moja kabla ya kugawanya?"

"Nani akiuliza?"

"Si huo mtihani," mama alijibu haraka, akafungua ukurasa mwingine.

Siku moja, binti alipokuwa akitafuta kalamu, ile fomu ikadondoka. Mama akaiokota, akaisoma mpaka chini, akamrudishia bila kumkemea.

"Umechoka?"

"Nimechoka, mama. Nimechoka mpaka basi."

"Hata mimi." Akajikanda magoti. "Nenda ukalale. Alhamisi uje unieleze sura ya sita. Usipokuja wewe, tutakwama wengi."

Binti alikwenda kulala. Fomu hakuisaini. Si kwamba alipata matumaini. Aliona haya tu kumwacha mama wa watu peke yake na sura ya sita.

Jaribio la pili alipata sitini na moja. Mama alipiga kigelegele pale pale kwenye ubao wa matangazo, watu wakageuka.

"Na wewe, mama? Namba yako ipi?"

"Majaribio yote yamesamehewa. Hospitali ilitoa barua. Kila kitu kitapimwa kwenye mtihani wa mwisho."

Binti akamwonea huruma. Kuuguza watu usiku kucha, kisha mtihani mmoja ubebe mwaka mzima!

Siku ya mtihani huo, meza zilipangwa kwa mistari, kila moja na namba yake. Binti aliketi, akageuka huku na huku. Mama hakuwepo. Karatasi ziligawiwa, zikalazwa kifudifudi. Bado hakuwepo. Binti akaukodolea macho mlango. Kama amezidiwa na kazi? Kama amekata tamaa, yeye aliyewazuia wengine wasikate?

Zikiwa zimebaki dakika mbili mtihani uanze, mlango ukafunguka. Mama aliingia kinyumenyume, akihema, akivuta kitu kizito juu ya kizingiti.

"Umechelewa, mama," msimamizi alisema. "Lete kitambulisho chako cha uanafunzi."

"Changu? Mimi nakitoa wapi? Mwanafunzi ni huyu mwanangu."

Akakigeuza kiti cha magurudumu. Ndani yake alikuwa msichana mwembamba, bandeji mpaka shingoni, kitambulisho kikining'inia kifuani. Mama alikisukuma taratibu mpaka kwenye meza tupu iliyokuwa jirani na ya binti, akafunga breki, akatoka nje.

Msichana akageuza kichwa kwa shida, akamtazama binti kwa muda mrefu.

"Kumbe ndiye wewe," akanong'ona, "mwalimu wangu."