Saumu Amliliaye Mama

Kule Maskati ukitaka kubadilisha riali, karani wa duka la fedha anakuwashia kioo cha video ili wewe na watu wa kwenu muonane. Kadiri wanavyokulilia, ndivyo shilingi zinavyopanda. Usipoliliwa, utaondoka na hela ya ndizi.

Mwanaidi, mtumishi wa ndani kwa mwaka wa nne, alitaka bei nzuri, maana nyumba ya Tanga haijaezekwa na masika yamekaribia. Mama yake, Bi Tatu, machozi yalishamkauka. Basi kila mwezi humfinya mjukuu, Saumu wa miaka mitano, pajani, kamera isikoona.

“Mama, leo mfinye kidogo tu,” Mwanaidi aliomba kwenye simu kabla ya kuingia dukani.

“Kidogo hakiezeki nyumba, mwanangu.”

Kioo kikawaka. Saumu, kuuona tu uso wa mama yake, akaangua kilio na kujificha nyuma ya bibi. Bi Tatu akainua mikono yote miwili juu: hajamgusa.

“Hongera, dada,” karani alisema. “Mwanao anakupenda kweli.”

Mwanaidi akamtabasamia mwanawe ili anyamaze. Mtoto akazidi kupiga mayowe, na bei ikapanda tena.