Kitana Kilichochomolewa

"Nani amechomoa kitana changu?"

Msusi mzee alikuwa ametoka kunawa mikono. Kichwani mwa mteja wake mistari ilikatizana kila upande, mingine imesukwa, mingine bado, na pa kuendelea hapaonekani.

"Mimi, mama," alijibu binti yake, mwenye saluni siku hizi, akimchana mteja mwingine kwa kitana hichohicho. "Nilikikuta kimekaa tu. Nini, umeshasahau tena ulipofikia?"

Wateja wakacheka. Damu ikamchemka bibi wa watu.

Kusuka hakukusahau, vidole vyake viliujua mtindo huo kabla binti huyo hajaota jino. Kilichomponyoka ni cha sasa hivi: ameishia wapi, unafuata mstari upi. Ndiyo maana kila alipoinuka alikichomeka kitana palepale alipoachia. Ya zamani yakae vidoleni, ya leo yakae kwenye kitana. Alijipangia mwenyewe, hakumsumbua mtu.

"Ulipokuwa unajifunza kusoma," alimwambia binti yake, "ukiinua macho tu, mstari umeupoteza. Nikawa nakuwekea kidole chini ya neno. Niliwahi kukiondoa halafu nikakucheka?"



Binti akamwacha mteja wake, akaja, akaweka kidole kwenye kile kichwa, juu kidogo ya sikio.

"Ni hapa, mama."

"Basi usikitoe!" alifoka mama, na vidole vyake vikashika kazi.