Jina la Kompyuta ya Mwisho

Kompyuta zote za kiwanda kipya cha minofu, pale Igogo, zilikuwa zimeshapata majina isipokuwa moja, iliyokaa peke yake chumba cha pili. Seva ilikuwa inazigawia namba yenyewe. Majina ya kuitiana aliyaandika Akinyi, fundi wa mtandao: uhasibu, mizani, stoo.

"Hiyo ya mwisho vipi, dada?" meneja aliuliza mlangoni, harufu ya sangara ikimtangulia.

"Bado jina tu, bosi."

"Ipe lolote. Ile haina mtu."

Vidole vya Akinyi vikasimama juu ya kibodi. Kucha zilikuwa bado zimejaa vumbi la ukuta alioutoboa kupitisha waya.

Alipozaliwa, bibi yake alimsimulia, alilia mpaka sauti ikamkauka. Wakamtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na walipofika kwa Abonyo akanyamaza, akanyonya. Bibi hakuacha kumwita hivyo. Tangu wamzike bibi Shirati, baada ya Pasaka, hakuna mwingine aliyeliita jina hilo. Mwanza nzima hapakuwa na hata mtu mmoja aliyelijua.

Akaandika: abonyo.

Kisha, kama fundi yeyote anavyojaribu kazi yake, akaliita jina hilo kwenye mtandao, kutoka kwenye kompyuta iliyokuwa mbele yake. Jibu likarudi papo hapo kutoka chumba cha pili, mstari chini ya mstari kwenye skrini.

"Imekubali?" meneja aliuliza.

"Bado," alisema Akinyi, akaliita tena.