Akiuzwa Kadeghe

Mchezaji nyota wa kikapu akiuzwa, anahama na mashabiki mia waliomshangilia kwa kelele kuliko wote. Kuta za uwanja ndizo zinazosikiliza na kuchagua. Ndiyo sheria, na majirani zetu wawili sasa wanaishi Bukoba.

Wiki hii tetesi zinasema Kadeghe wetu wa Tanga anauzwa huko huko.

"Haendi," alisema Mama, huku akikuna nazi. "Nani atanunua goti bovu?"

"Goti lilishapona, Mama," nilimtania. "Wewe jifunze tu kula senene wa Bukoba."

"Utaanza wewe, mdomo huo!"

Baba hakucheka. "Mama Rehani, leo uwanjani ufunge mdomo. Nyumba hii siiwezi peke yangu."

Uwanja ulijaa, lakini ukimya wake ulikuwa wa chumba cha mtihani. Kadeghe aliruka, akautumbukiza mpira kwa mkono mmoja. Hakuna aliyepiga hata kofi. Akageuka kututazama, kama mtu aliyebisha hodi kwao asifunguliwe.

Mama alitaka kuinuka, nikamshika mkono. "Kaa, Mama. Wapo wengine wa kumshangilia."

"Wako wapi?" aliniuliza, akasimama.