Chini ya MB Mbili

Kioko, fundi viatu wa mlango wa pili, asema Mirriam, msichana wa saiba, alimliza Bi Shifa mchana kweupe. Asema mama wa watu aliingia pale saiba na bahasha yake, akaomba karatasi za bintiye zitumwe, na yule msichana akashindwa na mashine mpaka mama machozi yakamtoka. Kioko hakuwepo, lakini hilo halijapata kumzuia kusimulia.

Machozi yalikuwepo kweli. Mengine sivyo.

Bi Shifa aliingia saa tisa na robo. Saiba yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya barabara iendayo Ngome ya Yesu: kompyuta tatu, skana moja, na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani wote hawajambo?"

"Hawajambo. Karibu ukae."

Alikaa, akatoa simu na bahasha, akaeleza. Bintiye Nabiha ni muuguzi, yuko zamu na hawezi kutoka. Ameomba kazi Maskati. Wanataka vyeti vyake vyote katika PDF moja isiyozidi MB mbili, kabla ya saa kumi alasiri hii. Faili aliyoitengeneza kwa simu ina MB kumi na nne, na tovuti imeikataa mara nne tangu asubuhi.

Mirriam akaifungua. Akacheka kidogo.

"Mama, ukurasa mmoja hapa una upana wa futi tatu u nusu. Urefu karibu futi tano. Tukiuchapa ulivyo, twaweza kuutandika tukalala."

"Karatasi yenyewe si hii?" Bi Shifa akatikisa bahasha. "Yaingia mkobani."

"Nabiha kaipiga picha. Simu haijui karatasi, yajua nukta tu. Nukta zikiwa nyingi na hakuna aliyeiambia ukurasa uishie wapi, yatandaza."

Akavitoa vyeti vyenyewe, akavilaza kwenye skana kimoja kimoja, kipimo cha A4, nukta mia na hamsini kwa kila inchi. Mia tatu ni za kuchapa. Kwa kusoma kwenye kioo, nusu yake yatosha. Kurasa sita. Faili ikatoka MB moja na nusu.

"Tayari. Itapita."

Bi Shifa akavaa miwani, akasogeza uso. "Punguza tena."

"Ishakuwa chini ya mbili, mama."

"Punguza, mwanangu. Nisije nikajilaumu."

Mirriam hana haraka na watu. Wako wanaotaka kila kitu kichapwe mara mbili, wako wanaosimama nyuma ya kiti chake wakihesabu kurasa kwa sauti. Akapunguza. MB moja kamili.

"Ukipunguza," Bi Shifa akauliza, "kinachopotea kwanza ni nini?"

"Vitu vyembamba. Mashine hutafuta nukta zinazokaribiana rangi, ikazifanya moja. Herufi ndogo zikavimba, muhuri ukawa kama doa la chai. Sura ya mtu ndiyo hubaki mwisho."

"Na huko wakikuta doa la chai?"

"Wana maombi mia mbele yao. Hawapigi simu kuuliza. Waweka kando, wachukua ya mwingine."

Bi Shifa akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeelezwa namna ya kumeza dawa.

"Usihofu, haijafika huko," Mirriam akasema, akakuza picha. "Tazama. Jina la mkuu wa chuo, nambari ya usajili, vyote vyasomeka."

"Muhuri nao?"

"Hata tarehe yake."

"Mh."

Simu ikalia. Sauti ya Nabiha ilijaa chumba kizima.

"Mama, ishakwenda?"

"Bado. Mashine yasumbua."

"Zabaki dakika ishirini, mama. Saa kumi wanafunga, na hawafungui tena mpaka mwakani."

"Najua, mama. Tulia."

Mirriam akaliacha hilo la mashine lipite. Kwa wazazi wengi, lolote lisilokwenda mbio ni kosa la mashine.

"Dadake yuko Jeddah," Bi Shifa akasema, akiirudisha simu mkobani. "Mwaka wa sita huu. Zake yeye zilipokewa siku ile ile."

"Hongera, mama. Basi na huyu itakuwa hivyo hivyo."

"Nina wajukuu wawili huko. Mtandao ukilegea, sura zao zawa miraba miraba. Yule mdogo sijapata kuiona pua yake vizuri."

"Ni mtandao tu huo. Utawaona."

Mirriam akaipandisha faili kwenye tovuti. Mstari ukajaa, alama ya kijani ikatokea: imekubaliwa. Chini yake kitufe cha kutuma. Saa kumi kasoro dakika tisa. Akasogeza kiti chake pembeni, akamsukumia Bi Shifa kipanya, kama afanyavyo kwa kila mzazi anayemletea kazi ya mwana.

"Bonyeza mwenyewe, mama. Iende na radhi yako."

Bi Shifa akaweka mkono juu ya kipanya. Kidole hakikushuka. Akauondoa mkono, akashika ncha ya mtandio, akafuta macho chini ya miwani. Akatazama mlangoni. Kisha akainama mpaka karibu na sikio la Mirriam.

"Mwanangu," akanong'ona, "ipunguze mpaka isisomeke. Halafu utume wewe."